Irabu za Pushkin na Ugomvi juu ya Utashi Huru

Programu za akili bandia zinazotunga sentensi, picha na hata utabiri wa mvua husimuliwa kana kwamba zilizuka jana. Lakini sehemu kubwa ya hisabati yake imepita umri wa karne moja, nayo ilizaliwa katika ugomvi juu ya jambo tulilofundishwa katika katekisimu: je, mwanadamu ana utashi huru?

Waliogombana ni Warusi wawili. Pavel Nekrasov, profesa wa Moscow, alikuwa amesoma seminari ya Kiortodoksi kabla ya kushika hisabati. Wakati ule ilikuwa imekwisha kuonekana kwamba idadi ya ndoa na ya makosa ya jinai katika nchi hubadilika kidogo tu mwaka hata mwaka, na baadhi ya wataalamu walinena: basi mtu husukumwa na sheria, kama jiwe linaloanguka. Mwaka 1902 Nekrasov alijibu kwamba wastani hutulia pale tu ambapo matukio hayategemeani. Kwa hiyo takwimu zenyewe zashuhudia kuwa kila mtu huamua kwa hiari yake. Hoja ilikuwa tamu, ila ilikuwa na ufa.

Aliyeuona ufa huo ni Andrei Markov wa Saint Petersburg, mtu mkali wa ulimi, ambaye mwaka 1912 aliliomba mwenyewe Kanisa la Kiortodoksi limtenge. Mwaka 1906 alithibitisha kwamba hata matukio yanayoshikana kama pete za mnyororo, kila moja likitegemea lililolitangulia, yaweza kufikia wastani thabiti. Mwaka 1913 akaleta mfano. Alihesabu kwa mkono herufi 20,000 za Eugene Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin: irabu 8,638, konsonanti 11,362. Baada ya irabu, uwezekano wa kukuta irabu nyingine ulikuwa 0.128, baada ya konsonanti, 0.663. Herufi zategemeana waziwazi, na hata hivyo wastani hautikisiki. (Jaribuni na ukurasa mmoja wa Kiswahili, lugha ambayo karibu kila konsonanti huita irabu, tofauti itakuwa kubwa vilevile.)

Markov hakuthibitisha kwamba hatuna uhuru. Alionyesha tu kwamba utulivu wa takwimu hauwezi kuitwa shahidi wa utashi huru. Kwa maoni yangu, imani ilipata faida zaidi kwa mkanushaji huyu kuliko kwa mtetezi wake, maana nguzo iliyooza ni heri iondolewe mapema.

Hatua iliyofuata yatugusa kwa karibu. Urani ya Shinkolobwe, huko Katanga, ilipelekwa Marekani kutengenezea bomu la atomiki. Katika maabara ya Los Alamos, iliyolibuni bomu hilo, mwaka 1946 Stanislaw Ulam, akipata nafuu baada ya ugonjwa na kucheza karata peke yake, aliwaza: badala ya kukokotoa bahati ya mchezo, kwa nini tusiucheze mara nyingi na kuhesabu? Yeye na John von Neumann waliitumia njia hiyo kufuata safari za nutroni. Mwaka 1953 Nicholas Metropolis na wenzake wanne waliiunganisha na mnyororo wa Markov. Programu ya kompyuta iliandikwa na mmoja wao, mwanamke aitwaye Arianna Rosenbluth.

Mnyororo huo ulirudi mwaka 2015, katika kazi ya Jascha Sohl-Dickstein na wenzake. Picha huchafuliwa kidogo kidogo kwa chenga za bahati nasibu hadi isitambulike. Kisha mashine hufunzwa kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kutoka katika chenga tupu itoe picha mpya.

Kwa njia ya namna hiyo, programu ya GenCast, iliyotangazwa mwaka 2024 baada ya kufunzwa kwa kumbukumbu za hali ya hewa za miaka 40, hutabiri siku 15 zijazo. Haitoi jibu moja. Hutoa majibu 50 au zaidi, kila moja likianza na chenga zake. Mvua kubwa ikionekana katika 40 kati ya 50, mtabiri husema uwezekano wake ni asilimia 80.