Kasha la ukutani: mahali mtandao wa Pwani unapokatikia

Ukipita kichochoro chochote cha Mji wa Kale, ama ukizunguka Majengo au Likoni, inua macho juu ya mlango. Utaona kasha la plastiki limepigiliwa ukutani, jeusi au jeupe lililogeuka manjano, na chini yake nyaya nyembamba zimening'inia kama mizizi ya mkoko, kila mmoja ukielekea nyumba yake. Aghalabu kifuniko kimelegea. Kwengine kimefungwa kwa kamba ya katani, na kwengine hakipo kabisa.

Ndani ya kasha hilo ndimo inamopita intaneti ya jengo zima. Lakini mtandao ukipotea, lawama zetu huenda mbali zaidi: "Waya wa baharini umekatika." Kweli hutokea. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikahisi. Hata hivyo Mombasa ndiyo lango la nyaya hizo nchini. TEAMS na Seacom zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010, na nyengine zimeongezeka baadaye. Waya mmoja wa baharini ukikatika, mtandao huwa mzito kwa nchi nzima, sio kwa ghorofa yako peke yake. Ikiwa jirani wa ng'ambo ya barabara anatazama mpira na wewe huna kitu, sababu iko karibu nawe, na pa kuanza kushuku ni kasha na maungio yaliyomo.

Kazi ya kasha ni mbili tu: kushikilia viungo mahali pamoja ili fundi avifikie, na kuvikinga na maji, vumbi, jua na wadudu. Waya mzima hauna taabu nyingi. Taabu huanza pale unapokatwa na kuungwa na mwengine, na kwa hivyo kila kiungo kikahitaji nyumba.

Wenye umri wa kukumbuka Posta na Simu, kabla shirika lile halijagawanywa 1999 na Telkom Kenya ikazaliwa, watakumbuka makabati ya chuma kando ya barabara. Humo mlipangwa moduli za kuunganishia nyaya za shaba. Iliyojulikana zaidi duniani ni ile ya kampuni ya KRONE ya Berlin, iitwayo LSA, herufi zinazosimamia maneno ya Kijerumani yenye maana kwamba haitaki kuchomelewa, haitaki skrubu, wala haitaki waya umenywe ngozi. Fundi huulaza waya kwenye mwanya, akausukuma kwa kifaa maalumu kilichotoa mlio wa "tak", na ncha mbili za chuma zikaipasua ngozi na kuibana shaba. Moduli moja ya kawaida hubeba laini kumi. Ni ubunifu wa busara, kwa sababu mahali shaba inapobanwa hewa haipenyi.

Haipenyi, madhali moduli imekaa pakavu. Kabati likikosa mlango, umande wa chumvi huingia, shaba huota kutu ya kijani, na simu huanza kukwaruza kila mvua inaponyesha. Makabati mengi yalikufa hivyo, na wezi wa shaba wakamalizia yaliyobaki.

Faiba imeondoa wizi wa shaba kwa sababu haina shaba ya kuiba. Haikuondoa haja ya kasha zuri, bali imeizidisha. Uzi wa kioo unaobeba mwanga una unene wa maikromita 125, na njia yenyewe ya mwanga katikati yake ni kama maikromita 9 tu. Chembe ya vumbi usiyoiona kwa macho yatosha kuiziba.

Ukifungua kasha la faiba (tafadhali usilifungue, nitaeleza sababu) utakuta sinia ya plastiki ambamo nyuzi zimezungushwa kwa utaratibu na viungo vilivyoyeyushwa kwa moto wa umeme vimelazwa kila kimoja kwenye kitanda chake. Pembeni yake kuna kigawanyi, kijisanduku kinachochukua mwanga wa uzi mmoja na kuugawa kwa nyumba nane, kumi na sita au thelathini na mbili. Chini kuna safu ya matundu ya viunganishi, mara nyingi vya rangi ya kijani. Rangi hiyo si pambo. Kijani maana yake uso wa kioo umekatwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga unaorudi usimsumbue mtumaji, na buluu maana yake uso haukukatwa mshazari. Anayechomeka buluu kwenye kijani hupoteza mwanga mwingi na huweza kuziharibu nyuso zote mbili.

Mwanga hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake ni kama bajeti ya nyumba. Mfumo unaotumika sana majumbani huruhusu kupoteza takriban desibeli 28 kutoka kituoni hadi kwako. Kigawanyi cha nyumba 32 hula kama 17 peke yake. Kiungo kilichoyeyushwa vizuri hula chini ya 0.1, na kiunganishi kisafi hula kama 0.3. Kiunganishi kichafu, au uzi uliokunjwa kona kali kwa sababu fundi alikuwa na haraka ya kufunga kifuniko, huweza kula desibeli kadhaa, na kila 3 zinazopotea ni nusu ya mwanga. Ndipo ile taa nyekundu inapowaka kwenye kifaa cha nyumbani.

Sasa tuje kwenye hali yetu ya Pwani, maana makasha mengi yanayoletwa hapa yangekaa salama Nyeri. Hapa yana maadui watatu wanaosaidiana: jua, chumvi na unyevu. Jua huifanya plastiki duni iwe manjano kisha ivunjike kama kaki, na masikio ya kifuniko ndiyo hutangulia kukatika. Chumvi inayoletwa na kusi hutua juu ya kila kitu na kuvuta maji. Chuma kisichoshika kutu nacho kina daraja zake. Ile ya kawaida, 304, huota madoa ya kutu karibu na bahari, na inayofaa ni 316 iliyochanganywa na molibdenamu. Kwenye kichwa cha bolti utaona pameandikwa A2 au A4. Huku kwetu dai A4.

Unyevu ndio mjanja zaidi, kwani kasha hupumua. Mchana hewa iliyo ndani hupata moto, ikapanuka na kutoka kwenye kila upenyo. Magharibi kasha hupoa na kuvuta ndani hewa ya jioni iliyojaa maji, na alfajiri matone yanatiririka upande wa ndani wa kifuniko bila mvua kunyesha. Ndiyo sababu kasha la nje linafaa kuwa na tundu dogo la kutolea maji upande wa chini, lenye kizuizi cha wadudu, au utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Mafundi wengine huliziba tundu hilo kwa gundi wakidhani wanasaidia. Wanachokifanya ni kulifungia maji ndani.

Kwenye makasha hayo utaona herufi IP na tarakimu mbili. Hicho ni kipimo cha kimataifa. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 maana yake haliingii kabisa. Ya pili ni ya maji: 4 ni matone ya kurushiwa, 5 ni maji ya mpira wa bomba, 7 ni kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Kwa ukuta wa nje IP65 inafaa. Kasha la maungio linalokaa shimoni chini ya barabara linahitaji 68, kwa sababu mashimo yetu hujaa maji kila masika. Lakini msomaji asidanganyike na tarakimu. Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu chumvi wala jua, na kilipimwa kasha likiwa jipya, mpira wake mzima na skrubu zake zote zimekazwa. Kasha la IP65 lililoachwa wazi ni dirisha tu.

Tena kuna kuta zenyewe. Nyumba za zamani za Mombasa na Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta huo hunywa maji. Kasha likibandikwa moja kwa moja, unyevu hupenya kupitia matundu ya skrubu ya nyuma ambayo hakuna anayekumbuka kuyaziba. Zaidi ya hayo, skrubu ndefu zilizopigiliwa kwa nguvu hupasua chokaa, na mwenye nyumba huachiwa ufa. Afadhali kasha likae kwenye kibao au bano linaloacha nafasi ya kidole kati yake na ukuta.

Mtaani kwangu kuna kijana mwenye saiba ndogo inayotegemewa kwa mambo ya eCitizen na KRA. Juni, siku za mwisho za kuwasilisha ritani za kodi, mtandao wake ulikatika siku nne. Kampuni, ambayo jina lake siliweki hapa, ilimwambia awashe na kuzima kifaa. Fundi alipokuja siku ya tano alikuta mjusi kafiri ametaga ndani ya kasha la ukutani, ameingia kwa tundu la waya lililokosa kizibo. Wateja walikuwa wamekwenda kwengine, na waliochelewa walipata faini. Kizibo hicho ni kipande cha mpira.

Ndiyo nasema wapangaji na kamati za majumba wasimame na fundi anapofunga kasha, badala ya kumpa soda na kurudi ndani. Tazama nyaya zinaingia kutoka chini. Zikiingia juu, maji yatazifuata. Kila waya ukunjwe kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda, ili matone yadondoke hapo. Kila tundu lisilo na waya lizibwe, na lenye waya likazwe kwa glandi, ile nati ya plastiki yenye mpira ndani. Mpira wa kifuniko uwe umelala kwenye mfereji wake bila kujikunja. Kifuniko kikipinda unapokisukuma kwa kidole, fundi bado hajamaliza.

Kulifungua mwenyewe ni jambo jengine. Mwanga wa faiba hauonekani kwa macho na huweza kuyadhuru. Usiuchungulie uzi uliochomolewa, na watoto wakatazwe. Pia ukigusa kiunganishi cha jirani unamkatia yeye. Piga picha kasha likiwa wazi, ipeleke kampuni, uitake ikupe namba ya malalamiko. Wakinyamaza, namba hiyo ndiyo utakayoipeleka Mamlaka ya Mawasiliano.

Jambo la mwisho la kumdai fundi ni karatasi ya majina. Ndani ya kifuniko pana nafasi ya kuandika tundu la ngapi ni la nyumba ipi, na kwenye makasha mengi iko tupu. Fundi wa pili akija kumtengenezea wa ghorofa ya tatu huchomoa mmoja mmoja hadi ampate, na kila anachokichomoa hukirudisha na vumbi lake.