Kujilinda kwa nguvu katika Ukristo

Kujilinda kwa nguvu ni suala la maadili ya Kikristo linalohusu iwapo muumini anaruhusiwa kutumia nguvu, hata silaha, kuzuia shambulio dhidi yake au mwenzake. Wanaokataa hutegemea Mathayo 5:39, kuhusu kugeuza shavu la pili; Kanisa la Marafiki (Quaker), lililoingia Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, hupinga vita vyote. Wanaokubali hutaja Kutoka 22:2, kuhusu mwizi anayeuawa akivunja nyumba, na Luka 22:36, kuhusu kununua upanga, ingawa aya ya pili haiko wazi kama inavyodaiwa. Kanisa Katoliki, likimfuata mwanatheolojia Thomas Aquinas, huruhusu nguvu zisizozidi zinazohitajika.

Katika Mombasa bara suala hili lina historia. Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) huko Kisauni mwaka 1875, yalikuwa na kengele ya kutahadharisha wakazi dhidi ya wavamizi. Oktoba 2013, mchungaji mmoja alipouawa kanisani Vikwatani, jirani na Bamburi, baadhi ya viongozi wa makanisa waliiomba serikali bunduki za AK-47. Tarehe 23 Machi 2014 kanisa la Joy in Jesus, Likoni, lilishambuliwa kwa risasi na waumini wakauawa. Kisheria, kumiliki bunduki Kenya huhitaji leseni, mmiliki awe mchungaji au la.