Bustani ya Jeevanjee: Ardhi ya Wote Hulindwa na Nani?

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Hiki ni kipindi chetu cha historia, kutoka hapa Nakivale. Leo nakupeleka nchi jirani ya Kenya, katikati ya mji wa Nairobi, kwenye kipande cha ardhi cha ekari kama tano tu. Kinaitwa Bustani ya Jeevanjee.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1899 reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi, mahali palipokuwa majimaji matupu. Mji ukaanza kuota kando ya reli hiyo. Kati ya watu waliofanya kazi na reli alikuwepo mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, ng'ambo ya bahari. Yeye aliiletea reli wafanyakazi na chakula.

Mwaka 1906 Jeevanjee alitoa bustani hiyo kwa watu wa Nairobi. Ndani yake aliweka sanamu ya Malkia Victoria wa Uingereza. Fikiria, ndugu yangu: wakati ule Wazungu walijitengea ardhi nzuri ya milimani, na Mhindi hakuruhusiwa kuinunua, sembuse Mwafrika aliyenyang'anywa. Mtu aliyetoka mbali, anayebaguliwa, ndiye aliyeacha mahali ambapo kila mtu angekaa kivulini bila kulipa.

Miaka ikapita. Wakoloni wakaondoka, majengo yakapanda juu pande zote. Bustani ikabaki. Mchana wafanyakazi walilala kwenye nyasi, wahubiri walihubiri, watu walibishana siasa.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Halafu likaja jaribu. Mwaka 1991 ulitoka mpango wa kujenga maegesho ya magari na maduka ndani ya bustani ile. Msikilizaji, ardhi ya wote ina adui mmoja mkubwa: kwa mwenye tamaa, ardhi isiyo na nyumba juu yake ni ardhi isiyo na mwenyewe.

Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, akasimama kupinga. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo Nairobi. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kumeza sehemu ya Uhuru Park. Alitukanwa mpaka bungeni, lakini jengo halikujengwa. Na safari hii pia wananchi waliungana na Zarina Patel, mpango ukaachwa. Bustani ya Jeevanjee ipo mpaka leo.

Je, kazi iliisha hapo? Hapana. Bustani iliyookolewa bado inataka kufagiwa, viti vyake vinataka kutengenezwa, na miti inataka maji. Mwaka 2015 sanamu ya Malkia ilikutwa imeangushwa na kukatwa kichwa. Bustani huokolewa siku moja, lakini hutunzwa kila siku.

Sasa nikueleze kwa nini nimechagua habari hii. Pale karibu na bomba letu kuna kiwanja kidogo. Unakijua. Watoto huchezea hapo, na akina mama huweka madumu chini ya miti mitatu wakingoja zamu. Zamani miti ilikuwa saba. Minne imekwenda jikoni, tawi moja moja, usiku. Mwezi uliopita nimeona mtu amechimbia mambo manne ya kibanda.

Nimeuliza wazee kwa nini hatupandi mingine. Wakanijibu: "Mwanangu, sisi ni wapita njia. Kesho tunarudi Kongo." Nawaheshimu wazee wangu. Lakini mimi nilifika hapa nikiwa na miaka tisa, na neno hilo nililikuta. Mti ambao ungepandwa siku ile, leo ungetupa sote kivuli. Jeevanjee naye alikuwa mtu wa kutoka mbali. Waliokaa kwenye kivuli chake wengi hakuwajua.

Tufanye nini basi? Kwanza, mwenyekiti wetu aitishe mkutano, na iandikwe kwenye daftari kwamba kile ni kiwanja cha wote. Neno la mdomo husahaulika. Huyo wa kibanda tumwite kwa upole, naye ana watoto wa kulisha, tumtafutie mahali pengine. Pili, nyumba zinazozunguka bomba zigawane zamu ya kufagia, wiki kwa wiki. Tatu, mvua zikianza tupande miti minne, kila mmoja tuuzungushie miiba mbuzi wasiule. Maji yanayomwagika pale bombani tuyachimbie mfereji mdogo yafike kwenye mizizi. Na kila mti upewe watoto wawili wa kuulinda. Mtoto hakubali mti wake ukatwe.

Hatujui nani atakaa chini ya miti hiyo. Labda ni sisi. Labda ni mkimbizi ambaye bado hajazaliwa. Labda ni wenyeji wa Uganda waliotupokea, siku tutakapokuwa tumerudi nyumbani. Yeyote atakayekaa, asikute vumbi tu.

Tukutane kiwanjani, ndugu msikilizaji. Njoo na jembe.

(Muziki unapanda. Mwisho wa kipindi.)