Kudhoofisha si kukanusha

Katika GMAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vya biashara, mtahiniwa huulizwa: kati ya kauli tano, ipi inaidhoofisha hoja zaidi? Wengi huteleza kwenye kitenzi hicho. Kudhoofisha, ndugu wa dhaifu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kupunguza nguvu tu. Mgonjwa aliyedhoofika bado yu hai.

Chukua hoja hii: kamera zilifungwa barabarani, ajali zikapungua, basi kamera ndizo zilizozipunguza. “Kamera ni ghali” haiigusi hata kidogo, ingawa ndiyo chambo. “Mwezi uleule petroli ilipanda bei, magari yakapungua” inaitikisa, maana ajali zimepata sababu nyingine. Huenda kamera nazo zilisaidia. Mtunga swali hadai zaidi ya hapo.