Jumba la Majestic na Mji Uliolingoja

Mwenye kutaka kujua tabia za mji asiyatazame majumba ya watawala peke yake. Na apatazame pia mahali walipokutana watu baada ya kazi. Mjini Unguja, kwa miaka mingi, mahali hapo palikuwa ni jumba la sinema.

Mwaka 1921 lilifunguliwa katika mtaa wa Vuga jumba lililoitwa Royal. Aliyelichora alikuwa John Sinclair, mtumishi wa serikali ya Kiingereza ambaye mwaka uliofuata alipata kuwa Balozi wa Uingereza visiwani humo. Baadaye jumba hilo likabadilishwa jina, likaitwa Majestic. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 moto ukaliteketeza. Hasara ilikuwa ya mwenye mali, lakini pengo lilikuwa la mji mzima.

Ili kuelewa watu walichokuwa wakikingoja, yafaa tukumbuke kwamba televisheni haikufika Unguja mpaka mwaka 1973. Sauti ya Umm Kulthum wa Misri ilijulikana kwa santuri. Sinema ndiyo iliyoonyesha uso wake. Picha za Kihindi zilileta nyimbo ambazo hata wasiojua lugha ile walizishika na kuziimba. Vijana nao walipenda picha za Kimarekani zenye farasi na bunduki. Wanawake waliokuwa wakistahi kuchanganyika na wanaume waliwekewa maonyesho yao peke yao. Humo waliingia bila haya, wakacheka na kulia wapendavyo. Siku ya picha mashuhuri tiketi zilimalizika mapema, na walanguzi wakaziuza mlangoni kwa bei ya kuruka.

Kazi ya ujenzi haifichiki. Kuta zikipanda, kila apitaye huona, na kila aonaye huwa na lake la kusema juu ya siku ya kufunguliwa. Mwaka 1955 Majestic mpya ilisimama pale pale Vuga, na mji ukaingia tena gizani kutazama nuru.

Lakini tusidanganyike. Ndani ya jumba watu hawakuwa sawa, kwani fedha ndiyo iliyoamua nani akae kiti kizuri na nani akae mbele karibu na pazia. Hata hivyo, Mwafrika, Mwarabu, Mhindi na Mngazija walipita mlango mmoja, wakashtuka kwa jambo moja na kwa dakika moja. Katika nchi zilizotawaliwa kwa ubaguzi wa rangi, hilo halikuwa jambo dogo. Hapa kwetu Kenya, katika zama zile zile, Mwafrika alizuiliwa kuingia mahali pengi pa starehe katika Nairobi, mji alioujenga kwa mikono yake.

Je, kukaa pamoja gizani kulitosha? Historia yajibu kwamba hakukutosha. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1957 siasa iliwatenga majirani hata wakasusiana madukani na mazikoni. Katika ghasia za Juni 1961 watu 68 waliuawa. Na Januari 1964 yakatokea Mapinduzi yaliyomwaga damu nyingi zaidi. Bila shaka wamo katika waliopigana ambao waliwahi kuketi safu moja Vuga. Picha iliweza kuwaunganisha kwa muda wa saa tatu. Haikuweza kuwagawia ardhi, wala kuwaondolea dhiki na dhuluma walizozikuta taa zilipowashwa.

Basi, msomaji, usiyadharau majumba ya starehe, wala usiyapambe kwa sifa yasizostahili. Watu wakipanga mstari mbele ya mlango mpya, chunguza mambo mawili: wanangoja nini, na wakishatoka humo wanarudi katika maisha gani. Jambo la kwanza litakuonyesha matumaini ya mji. La pili litakuonyesha kazi ambayo mji bado haujaifanya.