Mlishano: kula na kuliwa katika maji ya Chato

Karibu kila mtoto aliyepita darasa la sayansi nchini Tanzania ameuchora ule mchoro: nyasi, mshale, swala, mshale, simba. Juu yake ameandika "mnyororo wa chakula". Sarufi ya istilahi hiyo haina kosa. Kasoro iko kwenye sayansi yake, na mtoto wa Kasenda au Muganza, wilayani Chato, ambaye kwao wanavua, ana haki ya kuiona kasoro hiyo kabla ya wenzake. Mnyororo una ncha mbili, na ukikata pete moja umekwisha. Ziwa Victoria haliendi hivyo.

Jina la fani halina ugomvi. Mjerumani Ernst Haeckel aliunda neno ikolojia mwaka 1866 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba au maskani, nasi tumelipokea kwa matamshi yetu. Mwaka 1935 Mwingereza Arthur Tansley akaleta dhana ya mfumo ikolojia: viumbe hai pamoja na maji, udongo, hewa na mwanga, vyote vikihesabiwa kuwa kitu kimoja. Kazi ngumu ni kuyapa majina yanayotendeka ndani ya nyumba hiyo, na hapo Kiswahili kina silaha yake: -ana. Tunasema kutegemeana, kushindana, kufaana. Tunasema pia kulishana, na baadhi ya walimu wamelifanya nomino: mlishano. Kwangu mimi hilo ndilo jina bora.

Kuna atakayepinga. Kiambishi -ana kinadai pande mbili zitendeane. Sangara anamlisha dagaa nini, ikiwa kila siku yeye ndiye anayemla? Swali ni zuri. Sangara hutoa kinyesi, na siku moja hufa. Bakteria huozesha mabaki yake na kuachia naitrojeni na fosforasi majini. Mwani mdogo usioonekana kwa macho hutumia virutubisho hivyo pamoja na mwanga wa jua. Wanyama wadogo mno wa planktoni huula mwani huo. Dagaa huwala wanyama hao. Deni limerudi, ingawa kwa njia ndefu. Isitoshe, sangara mchanga naye hula planktoni hiyohiyo. Huanza maisha akiwa mshindani wa dagaa, kisha hukua na kuwa mlaji wake. Mchoro wa mishale miwili hauna mahali pa kuandika jambo hilo.

Sangara si mwenyeji. Aliletwa kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana, akapandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960. (Sato, ambaye wengi wetu tunamsifu kama samaki wa asili wa ziwa hili, ni mgeni wa kipindi hichohicho, mwenyeji ni ngege.) Upande wa Tanzania sangara aliongezeka kwa kishindo katika miaka ya 1980, naye akawakuta furu: samaki wadogo wa spishi zaidi ya 500, wengine wakila mwani, wengine konokono, wengine wadudu, wengine vifaranga vya samaki wenzao. Kila kundi lilikuwa na nafasi yake. Katika miaka michache spishi nyingi zilitoweka machoni pa watafiti.

Kwa hesabu ya mnyororo, sangara angefuata kwa njaa. Hakufuata. Aligeukia kamba wadogo wa ziwani, dagaa, na hata watoto wake mwenyewe. Dagaa nao, ingawa walikuwa wakiliwa, waliongezeka, kwa kuwa furu waliogombea nao planktoni walikuwa wamepungua. Ushahidi mwingine ulitoka kwa ndege. Katika Ghuba ya Mwanza watafiti walichunguza vidonge vya mifupa ambavyo mdiria hutapika baada ya kula, wakakuta kwamba ndege huyo aliyezoea furu amehamia kwa dagaa. Dagaa ni mdogo kuliko furu, kwa hiyo mdiria hana budi kuvua wengi zaidi ili ashibe. Miaka ya 1990 baadhi ya furu walianza kuonekana tena, na wengine walikuwa wamebadilisha chakula chao.

Gugumaji linatufundisha upande wa pili. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilipoenea ziwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuja bila mlaji wake. Likafunga mialo, likazuia mitumbwi, likanyima maji yaliyo chini yake mwanga na hewa. Katika miaka ya 1990 waliletwa mbawakavu wa hukohuko Amerika ya Kusini wanaolitafuna, na pamoja na sababu nyingine, zikiwemo za hali ya hewa, likapungua sana. Halijaisha, na mbawakavu hawawezi kulimaliza: mlaji aliyefungwa kwa chakula kimoja hupungua chakula kinapopungua.

Binadamu naye yumo ndani, si mtazamaji. Anavua dagaa kwa taa usiku wa giza, anauza mabondo ya sangara ng'ambo, na mapanki, yale mabaki ya kiwandani, huishia jikoni kwa wasiomudu minofu. Hata kuzuia uvuvi katika maji ya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyotangazwa mwaka 1977, ni tendo ndani ya mlishano: samaki wanaozaliana humo hawakai humo wote.

Basi pendekezo langu ni hili. Mlishano liwe jina la uhusiano wenyewe wa kula na kuliwa. Mtandao wa chakula libaki kuwa jina la mchoro mzima wenye mishale inayopishana. Mnyororo wa chakula usifutwe, ila utumike kwa mstari mmoja tu uliochomolewa humo kwa ajili ya somo. Nanyi walimu wa Chato, mnapofika kwenye mada hii, waacheni swala na simba kwanza. Waambieni wanafunzi wamchore sangara katikati ya ubao, kisha wataje wenyewe anayekula nini, na nani anamla.