Mtumba: Neno Lisilotosha

Neno mtumba, ambalo wingi wake ni mitumba, lina maana ya furushi au mzigo uliofungwa, na kwa kuwa nguo zilizokwishavaliwa ng'ambo hufika Afrika Mashariki zikiwa katika marobota, jina la mzigo lilihamia kwenye nguo zenyewe, kisha likaenea hadi kwenye viatu na magari. Hata hivyo, neno hilo hueleza tu kwamba bidhaa imewahi kuwa na mmiliki mwingine, wala halielezi hali yake, yaani kiwango cha uchakavu, kasoro na matengenezo.

Katika soko la Gikomba, Nairobi, pengo hilo huzibwa na istilahi za wauzaji, ambapo kamera ni nguo ya daraja la juu na fagia ni masalia ya bei ya chini, na mnunuzi huthibitisha kwa kuishika na kuigeuza nguo. Mtandaoni mnunuzi hutegemea maneno na picha za muuzaji pekee, na hapo, kwa upande wa Tanzania, kanuni ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo, hupata uzito mkubwa.

Muuzaji wa simu, basi, asiandike "safi kama mpya" ilhali kioo kina ufa. Ataje ufa ulipo, betri hudumu kwa muda gani na kipuri kipi kimebadilishwa, kwa maana kasoro iliyotajwa huzingatiwa katika bei, lakini iliyofichwa ni udanganyifu.